Kinga ya Mhariri: Uchambuzi wa Kisa cha Donald Woods na Serikali ya Makaburu

Kisa cha Donald Woods husimuliwa zaidi kama habari ya kutoroka: mhariri Mzungu aliyepaka nywele rangi nyeusi, akavaa kola ya padri na kuvuka mpaka siku ya mwaka mpya. Sehemu hiyo inasisimua, ila mwandishi wa habari hana mengi ya kujifunza kwayo. Penye mafunzo ni ile miaka kumi na miwili iliyotangulia. Ndani yake, mtu mwenye kila kinga ambayo mfumo wa kibaguzi ungeweza kumpa (rangi, cheo, elimu ya sheria, gazeti lisilo na bosi wa mbali) aliitumia kinga hiyo kidogo kidogo, mara kwa akili, mara kwa kujidanganya, mpaka ikamwishia.

Hoja yangu ni kwamba kinga ya mwandishi haiwi yake peke yake. Kila anapoitumia, yuko mtu mwingine asiye nayo anayelipa sehemu ya gharama. Ukikisoma kisa hiki bila kuwatazama hao wengine, unabaki na hadithi ya shujaa, na hadithi za mashujaa hazimsaidii mtu anayeamka kesho kwenda chumba cha habari.

Watu ambao majina yao yamo katika kumbukumbu za umma nimewataja. Shahidi mmoja, marafiki waliosaidia safari na dereva mmoja nimewaacha bila majina, na alama za kuwatambua nimeziondoa.

## Usuli

Woods alizaliwa mwaka 1933 Transkei, mashariki mwa Afrika Kusini, ambako wazazi wake waliendesha duka katikati ya vijiji vya Waxhosa. Kixhosa alikijua tangu utotoni. Hilo halikumfanya mpinzani wa ubaguzi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikua na mawazo yale yale ya Wazungu wa maeneo yale, na yalianza kumtoka alipokuwa akisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Cape Town miaka ya 1950. National Party ilikuwa imeshika serikali tangu 1948, na sheria za kutenganisha watu kwa rangi zilikuwa zikipitishwa moja baada ya nyingine. Aligombea ubunge akiwa na miaka 23, akaanguka. Akaingia kwenye uandishi, akafanya kazi Uingereza kwa muda, kisha akarudi Daily Dispatch, gazeti la mji wa East London. Mwaka 1965, akiwa na miaka 31, akawa mhariri wake mkuu.

Gazeti lenyewe lilikuwa la mkoani, lililoanzishwa 1872, na halikuwa chini ya makampuni makubwa ya Johannesburg. Mhariri wake hakuwa na mtu wa kumpigia simu kutoka makao makuu. Woods akaajiri waandishi Weusi na kuwakalisha pamoja na Wazungu na Machotara katika chumba kimoja, jambo lililokwenda kinyume na sera za nchi. Akaongeza habari za watu Weusi, na wasomaji Weusi wakaongezeka.

Kwa msomaji wa leo ni lazima kueleza jinsi mdomo wa gazeti ulivyofungwa, maana haikuwa kwa afisa kukaa mlangoni na kalamu nyekundu. Zilikuwapo sheria. Ile ya magereza ya 1959 ilimtaka anayeandika kuhusu hali za wafungwa athibitishe kwamba alichukua hatua za kutosha kuhakikisha habari ni kweli, yaani mzigo wa ushahidi ulimwangukia mwandishi. Ile ya ugaidi ya 1967, kifungu cha 6, iliwaruhusu polisi kumshikilia mtu bila kikomo, bila wakili, bila kumfikisha mahakamani.

Na ilikuwapo amri ya marufuku. Waziri alitia saini karatasi, basi. Hapakuwa na shtaka wala hakimu. Aliyepigwa marufuku hakuruhusiwa kutoka nje ya wilaya yake, kukutana na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati, wala kuandika. Tena gazeti lilikatazwa kunukuu hata neno lake moja. Hili la mwisho ndilo linalomhusu mhariri moja kwa moja: mtu angeweza kuwa ndiye anayesikilizwa kuliko wote mkoani, na bado usiweze kuandika alichosema asubuhi ile.

## Mkondo wa matukio

### Mgeni ofisini

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 harakati ya Mwamko wa Weusi, iliyowataka Weusi wajiamini na wajiongoze wenyewe, ilikuwa imeshika kasi. Wanafunzi Weusi walikuwa wamejitenga na chama cha wanafunzi kilichoongozwa na Wazungu wenye msimamo wa wastani, wakaunda chao, SASO, na mwaka 1969 Steve Biko akawa rais wake wa kwanza. Woods hakuipenda. Katika gazeti lake aliishambulia kwamba ni ubaguzi uleule, ila umegeuzwa upande wa pili.

Daktari kijana, Mamphela Ramphele, akamfuata ofisini na kumkaripia. Kwa nini anawaandika watu ambao hajakutana nao? Biko asingeweza kuja East London kujitetea, kwa sababu tangu 1973 alikuwa chini ya marufuku, amefungiwa King William's Town, mwendo wa kama kilomita 60. Kama mhariri anataka kujua, aende yeye.

Woods akaenda. Alikwenda akiwa na wasiwasi na akarudi na mengi ya kufikiri. Baada ya mikutano kadhaa wakawa marafiki, na familia zao zikajuana. Gazeti nalo likabadilika. Thenjiwe Mtintso, mwanaharakati wa Mwamko, akaajiriwa kuwa mwandishi.

### Kwa waziri

Woods akiisha kumjua Biko, aliona ni jambo la busara kumweleza waziri. Alifunga safari hadi Pretoria kumwona Jimmy Kruger, Waziri wa Sheria na Polisi, kumwomba amwondolee Biko marufuku, akieleza kwamba huyu ni kiongozi wa kuzungumza naye. Marufuku haikuondolewa. Macho ya makachero, yaliyokuwa kwa Biko, sasa yakamwelekea na mhariri.

### Jina la shahidi

Katika kipindi hichohicho ofisi za miradi ya jamii ya akina Biko zilivunjwa. Alikuwapo mtu aliyeona, na alichokiona ni kwamba wavunjaji walikuwa polisi wa usalama. Woods aliyafikisha malalamiko ngazi za juu bila kumtaja shahidi. Jibu lililokuja lilikuwa kumtaka jina. Alikataa, akashtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Rufaa ikamwokoa kwa hoja ya kiufundi ya kisheria, na hakwenda jela.

### Kutoka Soweto hadi Pretoria

Juni 16, 1976 polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto, na nchi ikawaka. Agosti mwaka huo Mapetla Mohapi, mwenzake Biko, alikufa katika mahabusu ya Kei Road. Polisi wakasema amejinyonga kwa suruali yake ya jinzi. Mtintso akakamatwa, akateswa, akapigwa marufuku. Aprili 1977 Ramphele akahamishwa kwa nguvu hadi Lenyenye, karibu na Tzaneen, kaskazini kabisa mwa nchi, mahali asipomjua mtu.

Agosti 18, 1977 Biko alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown. Akawekwa uchi mahabusu Port Elizabeth, akahojiwa, akapigwa kichwani. Septemba 11 alitupwa nyuma ya Land Rover, bado uchi, akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria. Alikufa siku iliyofuata, akiwa na miaka 30.

Kruger akatangaza kwamba Biko alikuwa amegoma kula, na mbele ya mkutano wa chama chake akasema kifo hicho hakimpi joto wala baridi. Woods hakuamini hata kidogo. Biko alikwisha kuwaambia rafiki zake kwamba wakisikia amejiua kizuizini, wasikubali. Akafuatana na mjane wa Biko, Ntsiki, hadi chumba cha maiti, na mwili ukapigwa picha pamoja na majeraha yake. Kisha akaandika, akapanda majukwaani, akadai waziri awajibike. Oktoba 7 gazeti la Rand Daily Mail likachapisha habari ya mwandishi Helen Zille kwamba madaktari hawakuona dalili za mgomo wa kula. Kruger akalishitaki gazeti hilo kwa Baraza la Magazeti, na gazeti likapewa karipio.

### Oktoba 19

Siku hiyo ya Jumatano serikali iliyafungia mashirika yote makubwa ya Mwamko kwa mpigo mmoja, ikalifunga gazeti la The World na toleo lake la mwisho wa juma, ikamkamata mhariri wake Percy Qoboza. Woods alikuwa uwanja wa ndege wa Johannesburg, njiani kwenda Marekani. Polisi walimtoa, wakampa karatasi ya marufuku ya miaka mitano, wakamrudisha East London kwa gari.

Mhariri mkuu akawa haruhusiwi kuandika hata shajara yake. Nyumba yake ikawa na makachero nje na vinasa sauti ndani. Mambo ya siri yeye na mkewe, Wendy, waliyazungumzia bustanini. Kwa siri akaanza kuandika kitabu juu ya Biko. Kama kingekamatwa, kisingekuwa kosa la kuvunja marufuku tu. Serikali ingeweza kukihesabu kuwa jambo zito zaidi.

Risasi zikapigwa nyumbani. Halafu kikaja kifurushi kwa posta: fulana ndogo yenye picha ya Biko, imetumwa kwa binti yao wa mwisho, mwenye miaka mitano. Mtoto akaivaa kwa furaha. Ilikuwa imepakwa unga wa kemikali; akaanza kulia, ngozi ikawaka, macho yakauma. Uchunguzi ukaelekea kwa makachero wenyewe.

### Kuondoka

Desemba 31, 1977 Woods alilala chini ndani ya gari la familia, Wendy akaliendesha hadi nje ya mji. Kuanzia hapo alijifanya padri. Akaomba lifti, akasaidiwa na marafiki, akasafiri kama kilomita 480 kuelekea mpaka wa Lesotho. Mpango ulikuwa kuuvuka Mto Telle kwa miguu, lakini mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na mto umefurika. Ikabidi apite kituo cha mpakani, kwenye daraja, akiwa ameketi ndani ya gari la posta ya Lesotho ambalo dereva wake alimpa lifti bila kujua kambeba nani. Asubuhi ya Januari 1, 1978 akampigia Wendy simu ya ishara waliyokubaliana. Wendy, ambaye hakuwa chini ya marufuku, akawapakia watoto watano garini na kuvuka mpaka siku ileile, kabla polisi hawajashtuka.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwenda King William's Town ulitokana na aibu ya kitaaluma. Woods alijiona mtu wa haki, na daktari yule alimwonyesha kwamba ameshindwa kufanya jambo la kwanza linalomtofautisha mwandishi na msema hovyo. Hakumbembeleza kwa siasa. Alimkamata kwa kazi yake.

Uamuzi wa kwenda kwa waziri ulitoka katika tabia nyingine. Mhariri wa Kizungu katika Afrika Kusini ya wakati ule alikuwa akipokelewa na mawaziri, hata akiwapinga. Walikula katika hoteli moja, wakacheza gofu katika viwanja vilevile. Woods alidhani tatizo ni taarifa: serikali haimjui Biko, ikimjua itamheshimu. Hakuweza bado kuona kwamba serikali inamjua Biko vizuri kabisa, na ndiyo maana imemfungia.

Kumficha shahidi kulikuwa uamuzi rahisi kimaadili na mgumu kimaisha. Kama mwanasheria alijua atafungwa. Alijua pia kwamba shahidi, akijulikana, hatapewa hukumu ya miezi sita yenye rufaa; atapewa kifungu cha 6.

Kupiga kelele baada ya Septemba 1977 ndio uamuzi ambao ninaona haukupimwa. Rafiki yake ameuawa, mtu hapimi. Lakini pia bado aliamini kwamba mhariri mkuu Mzungu hatashikwa, na ushahidi wa miaka mingi ulikuwa upande wa imani hiyo. Oktoba 19 ikaivunja.

Kuhusu kuondoka, kilichoamua ni fulana. Hadi hapo Woods alikuwa tayari kuishi ndani ya marufuku. Wendy hakuwa amekubali haraka wazo la kuhama, kwa sababu kuondoka kulimaanisha kuacha wazazi, nyumba na nchi. Baada ya mtoto kuunguzwa, mabishano yalikwisha. Muswada wa kitabu nao ulikuwa sababu: ungechapishwa nje tu.

## Matokeo

Kutoka Lesotho familia ilirushwa kwa ndege kupitia Botswana hadi London, wakiwa na hati za Umoja wa Mataifa na afisa mmoja wa serikali ya Lesotho ndani ya ndege, kwa kuwa ilibidi kupita juu ya ardhi ya Afrika Kusini. Uingereza ikawapa hifadhi ya kisiasa. Mapema 1978 Woods alihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, jambo lisilo la kawaida kwa raia asiye na cheo cha serikali yoyote. Kitabu kikatoka mwaka huohuo, na picha za mwili wa Biko zikiwamo. Miaka yote ya 1980 alizunguka akihimiza vikwazo vya kiuchumi. Mwaka 1997, miaka 20 baada ya kifo, sanamu ya Biko ilizinduliwa East London na Nelson Mandela; Woods alikuwa mmoja wa waliohangaika kuchangisha fedha zake. Alifariki Agosti 2001, kwa saratani.

Uchunguzi wa kifo cha Biko mahakamani, mwishoni mwa 1977, ulimaliza kwa hakimu kusema hakuna wa kulaumiwa. Polisi watano waliomba msamaha mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano na wakanyimwa mwaka 1999, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Septemba 2025 suala hilo lilifunguliwa upya mahakamani.

## Uchambuzi

### Kilichofanya kazi

Kubadili msimamo hadharani. Wahariri wengi huteleza kimyakimya: tahariri za zamani zinasahaulika, mpya zinaanza, msomaji anaachwa aunganishe mwenyewe. Woods alibadilika mbele ya wasomaji Wazungu waliolinunua gazeti kwa sababu ya tahariri zile za mwanzo, na wengi hawakufurahi. Kumwajiri Mtintso kulikuwa na uzito kuliko tahariri kumi za kuomba radhi, kwa kuwa kulibadilisha nani anayeuliza maswali katika mkutano wa asubuhi.

Kukaa kimya juu ya shahidi. Hapa elimu ya sheria ilimsaidia kwa namna ambayo mwandishi yeyote anaweza kuiga bila kusomea: alijua mapema ni kosa gani atashtakiwa nalo, adhabu yake ni ipi, na rufaa inapita wapi. Ahadi ya kumlinda chanzo inayotolewa bila kujua gharama yake huvunjika siku ya kwanza ya mahojiano. Nimeona ahadi za aina hiyo zikitolewa kwa wepesi mkubwa hapa kwetu, mwandishi akimwambia mtu "usijali" huku namba ya mtu huyo ikiwa imehifadhiwa kwenye simu kwa jina lake kamili na cheo.

Picha. Zilipigwa pamoja na mjane, zikatunzwa, zikatoka pale zilipoweza kutoka. Tusiziongezee sifa, hata hivyo. Taarifa ya kitabibu na kazi ya Rand Daily Mail ndizo zilizobomoa habari ya mgomo wa kula ndani ya nchi, wiki chache tu baada ya kifo. Na azimio namba 418 la Umoja wa Mataifa, lililopiga marufuku kuiuzia Afrika Kusini silaha, lilipitishwa Novemba 4, 1977, Woods akiwa bado amefungiwa nyumbani. Kifo cha Biko na ile Jumatano ya Oktoba ndivyo vilivyoisukuma dunia. Hotuba za Woods zilikuja baadaye, kuizuia isisahau.

### Kilichoshindikana

Safari ya Pretoria ndiyo kosa kubwa la kisa hiki, na linatajwa mara chache kwa sababu lilifanywa kwa nia njema. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Woods alikwenda kwa mkuu wa polisi wa usalama kumwombea mtu ambaye polisi hao wanamtafuta, na kwa kufanya hivyo alimthibitishia kwamba Biko sasa ana rafiki mwenye gazeti. Swali la kujiuliza kabla ya safari kama hiyo ni hili: anayekwenda akishindwa anapoteza nini, na anayeombewa anapoteza nini? Woods angepoteza mchana mmoja. Biko alikuwa akiishi umbali wa dakika chache kutoka kituo cha polisi. Sisemi ziara ile ilimuua. Waliomuua walikuwa na sababu zao tangu zamani. Nasema hesabu ilifanywa na mtu ambaye hakuwa mlipaji.

La pili ni kutokuwa na mpango. Mtu aliyekuwa akimtukana waziri hadharani kwa wiki tano hakuwa ameandaa nani atashika kalamu siku yake ikifika, wala familia itaishije. Kutoroka kwenyewe kulifaulu kwa bahati kubwa: mto ulipofurika mpango mzima ulikufa, na kilichomwokoa ni lifti.

Na lifti hiyo ina shida yake. Dereva wa posta alimbeba mtu aliyevunja marufuku kupitia kituo cha mpakani cha Makaburu bila kuambiwa. Kama askari wangemtambua Woods, dereva angeulizwa nini, na nani angeamini kwamba hakujua? Wapo wanaosema kutomwambia ndiko kulikomlinda, maana asiyejua hawezi kusema. Hoja hiyo ina nguvu mbele ya askari mwenye subira. Kifungu cha 6 hakikuwa na subira. Woods alikuwa na sababu ya kufanya alichofanya, na mimi katika hali yake ningefanya vilevile, lakini katika uchambuzi lazima tukiandike kwenye safu ya gharama.

### Kinga na rangi yake

Tuwaweke hawa sambamba. Woods, kwa kukataa kumtaja shahidi, alipata hukumu, wakili na rufaa. Qoboza, kwa kuhariri gazeti lililosomwa na watu Weusi, alipata miezi kadhaa kizuizini bila shtaka. Mpigapicha wa gazeti hilo, Sam Nzima, aliyepiga ile picha ya Hector Pieterson, mtoto aliyepigwa risasi Soweto, akibebwa Juni 16, aliacha kazi akakimbilia kijijini kwao, na huko nako polisi wakawa wanamfuatilia. Mtintso aliteswa, akapigwa marufuku kabla ya mhariri wake, na 1978 naye akavuka kwenda Lesotho. Hakukuta kamera za London zikimsubiri. Akaingia katika mapambano ya silaha, na miaka ya baadaye akawa mwakilishi wa ANC nchini Uganda. Vijana wa Soweto waliovuka mipaka kwa miguu, bila hati wala ubalozi wa kuwapokea, baadhi yao waliishia darasani Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi waliyopewa ANC na Tanzania.

Ndiyo maana filamu ya 1987 iliyotokana na maandishi ya Woods ililaumiwa kwamba inamfanya Mzungu kuwa kiini cha kifo cha mtu Mweusi. Lawama hiyo ni ya haki. Nusu nzima ya filamu ni safari ya kwenda mpakani, na Biko amekwisha kufa. Woods alijua kwamba ngozi yake ndiyo iliyoufanya ujumbe upokelewe Washington na London, na akaamua kuitumia hivyohivyo. Unaweza kumlaumu kwa hilo, lakini basi ueleze alipaswa afanye nini na mlango uliokuwa wazi kwake peke yake.

Ninachokitilia shaka ni namna tunavyokifundisha. Katika chumba cha habari chochote wapo wenye kinga na wasio nayo: mhariri mwenye mkataba na mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari, mwenye pasipoti mbili na mwenye kitambulisho cha mkimbizi, jina kubwa na jina lisilojulikana. Habari ngumu ikija, desturi ni kumtuma yule wa chini akakusanye na jina la mkubwa likae juu. Daily Dispatch, katika miaka yake bora, lilifanya sehemu ya jambo hilo kinyume: jina la mhariri ndilo lililobeba mashtaka, na shahidi akabaki gizani. Sehemu nyingine hawakuiweza. Mtintso aliandika na kuharakati kwa jina lake, na hakuna tahariri iliyoweza kumtoa selo.